Mkono wa Mama Chisanga

Nguzo ya kuchajia magari ya umeme ilisimama katikati ya Lubumbashi, mbele ya benki, imepakwa rangi ya kijani na kuzungushiwa maua. Mji mzima haukuwa na nyingine, na hiyo yenyewe, tangu ifunguliwe kwa hotuba na tarumbeta, haikuwahi kutoa umeme. Mlinzi aliipangusa vumbi kila asubuhi na kuwaambia madereva warudi kesho.

Mujinga alirudi hizo kesho zote. Teksi yake ya umeme ndiyo iliyowalisha yeye, watoto wake wawili, mdogo akiwa bado wa mgongoni, na mama yake. Mama Chisanga alikuwa ameosha mawe ya kobalti mtoni tangu usichana, maji yakimfika kiunoni, mawe yale yale yanayoishia ndani ya betri za watu wa mbali. Siku umeme wa nyumbani, ambao ulikuwa wa kubahatisha, ulipokatika na teksi ikazimika kabisa uani, nyumbani hamkuwa hata na unga wa kusonga bukari. Mujinga aliketi chini akalia, waya ya kuchajia mapajani. Mama Chisanga, ambaye hakupenda vitu vizagae, aliichukua aikunje. Alipoishika plagi, taa ya gari ikawaka kijani.

"Courant imekuya," alisema Mujinga, akishangaa umeme umetoka wapi.

"Ni ile mawe njo iliniingia," alijibu mama yake. "Nilisukula mingi sana kule mutoni. Enda, utafutie batoto bukari."

Majirani walipopata habari hawakushangaa. Walikumbuka tu kwamba nao wana magari na pikipiki za umeme. Foleni ikafika barabarani, kila mtu na malipo yake ya pesa au unga. Mama Chisanga aliketi kwenye kiti cha plastiki, plagi mkononi, akipiga soga. Lakini kila gari liliondoka na kitu kutoka kwake. Mikono ilipoa kwanza. Kisha akasahau majina ya wajukuu, halafu mlango wa chumba chake mwenyewe. Mujinga alimfunika mablanketi na kuapa kwamba basi, imetosha. Asubuhi watoto walililia chakula, naye akampelekea mama yake plagi. Alijichukia, na aliendelea.

Mwishowe alikwenda kwenye ofisi ya mji kusihi nguzo iwashwe. Karani alimsikiliza kwa adabu zote. Wiki haikwisha, nguzo ikabandikwa kibao chenye mshale unaoelekeza nyumbani kwa Mama Chisanga.

Mama Chisanga alizimika Jumapili, gari la mchungaji likiwa halijajaa. Watu walikuja matangani na mkaa, na unga, na waya zao pia, kwani mtu hawezi kujua. Mfanyabiashara Kasereka alileta viti kwa gari lake la umeme, likamzimikia mlangoni. Akamsogelea Mujinga.

"Pole sana, mama. Wakati marehemu alikuwa anasukula mawe, weye ulikuwaka wapi?"

"Mu mugongo yake," alisema Mujinga. "Maji ilikuwa inanifika mu miguu."

Kasereka akamnyooshea plagi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa rambirambi. Mujinga aliuwaza unga wa kesho, akaipokea. Nje, taa ya gari ikawaka kijani, na watu wakaanza kujipanga.

Mgongoni mwake mtoto alianza kutetemeka kwa baridi. Mujinga akaomba mtu amvutie kitenge, kwa kuwa mkono mmoja haukumtosha.