Udongo wa Jumatano

Mimi sina ugomvi na setilaiti. Ugomvi wangu ulikuwa na Pratik, anayekaa na feni yake ofisini kwetu Kijenge, akiangalia ramani ya unyevu wa udongo kana kwamba amewahi kushika jembe.

Setilaiti inapita juu, inarusha mawimbi ya rada, na ardhi yenye maji inayarudisha kwa nguvu kuliko kavu. Pratik anapiga hesabu, ramani inapata rangi: bluu ni mbichi, kahawia ni kavu. Kisha mradi wetu unawatumia wakulima meseji ya kupanda au kusubiri. Ila ramani lazima ihakikiwe na mtu, na mtu huyo ni mimi, Elinaza. Kila Jumatano nilienda kwa pikipiki hadi Oldonyo Sambu, shambani kwa mama mmoja mjane, Silantoi, nikachimba kando ya kigingi chekundu, nikajaza kopo, nikarudi. Udongo unapimwa uzito, unakaushwa kwenye oveni, unapimwa tena. Kilichopungua ni maji.

Wiki tatu mfululizo ramani ilisema kahawia. Kopo langu likasema mbichi.

"Dada Elinaza, huenda kopo lina tatizo," Pratik akasema.

Nikapandisha hasira. Nikamwambia kopo halina betri, litaharibikaje? Nikamuuliza mara ya mwisho kuchafua viatu ilikuwa mwaka gani. Nikamwambia kama anaamini kitu kilichoko kilomita mia saba angani kuliko udongo nilioushika kwa mkono wangu, basi aende akapande huko huko. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Pratik hagombani, na hilo nalo linaniudhi. Akarekebisha hesabu zifuate kopo. Ijumaa ramani ikawa bluu tupu, na meseji ikaenda kata nzima: udongo una unyevu wa kutosha, pandeni. Nilifurahi hadi nikajinunulia mishikaki.

Wiki iliyofuata nilipelekwa Momela kwa kazi nyingine. Wiki iliyokuja baada ya hapo, Jumatano ilikuwa sikukuu, nikaenda Oldonyo Sambu Jumanne bila taarifa. Nilimkuta Silantoi ameinama kando ya kigingi, anamimina maji ya dumu polepole, kama anamnawisha mtu mikono. Punda alikuwa pembeni na madumu mengine matatu.

"Shikamoo, yeyo," nikamwamkia, kama Wamaasai wanavyomwita mama. "Unafanya nini hapo?"

"Marahaba. Nakulainishia. Leo umewahi."

Akanieleza kwamba siku tulipopiga kigingi aliniona navuja jasho na sururu, ardhi ngumu kama sakafu, akaona aibu mgeni kuteseka shambani kwake. Basi kila Jumanne akitoka kuteka maji, mwendo wa saa tatu kwenda na kurudi, dumu moja lilikuwa langu. Hakunitajia, kwa sababu mgeni hatangaziwi alivyoandaliwa.

"Na shamba umepanda?"

"Lote. Mahindi na maharage, mbegu yote iliyokuwa ndani. Niliona pakavu, lakini ninyi mna kitu kinachoona chini. Nikajua meseji imetoka kwako."

Nikafukua shimo moja la mbegu. Tangu meseji iende kulikuwa na manyunyu ya siku moja tu. Mbegu ilikuwa imevimba, imechungulia kidogo, imekauka. Shimo la pili hivyo hivyo. La sita nikaacha. Nililia, sifichi. Mama yule hakuwa na mbegu nyingine, na majirani walikuwa wamepanda pamoja naye.

Hasira ikanitangulia kama kawaida yangu. "Yeyo, umetuharibia. Maji yako ndiyo yamedanganya kila kitu."

Hakukasirika. Akafunga mfuniko wa dumu. "Na hicho cha juu kilisemaje?"

"Kilisema pakavu."

"Nani alikikatalia?"

"Mimi."

Akatazama mashamba ya majirani, yakipanda hadi kwenye msitu wa Mlima Meru. Kisha akaonyesha kwa mguu palipolowa, duara lisilozidi sinia.

"Mimi nilimwagia hapa. Hayo mengine yote, mwanangu, umeyalowesha wewe."

Nikatoa simu nikampigia Pratik. Akaniuliza habari za huko.

"Pakavu," nikamwambia.