Mtungi wa Saba

Nimestaafu udereva wa lori, nikabaki na kazi moja: kutunga uongo. Niliwahi kumwambia seremala jirani yetu kwamba nilivuka mto nimepanda mamba, naye akaniuliza kama mamba alisimama vituoni. Uongo wa aina hiyo haumwumizi mtu.

Ila nilikuwa na mwingine, wa ndani ya nyumba. Mke wangu ni mfinyanzi, kama mama yake na bibi yake. Mtungi ukishapoa baada ya kuchomwa, huugonga kwa kidole na kutega sikio. Mzima hulia kama kengele. Wenye ufa hutoa sauti butu, naye huuvunja. Mwaka jana masikio yake yaliziba. Hakusema. Akawa anagonga, kisha ananitazama usoni. Nami kila mara nilitabasamu, mzima au mbovu. Niliona afadhali mitungi ya watu ivuje kuliko yeye aache kazi.

Kisha ndoo za plastiki zikatumaliza; mitungi haikununuliwa tena. Alikuwa ameshaufunika udongo wake, basi, seremala alipokuja na wazo: mtungi upinduliwe, ufungwe ubao wa duara juu ya kitako, uwe kigoda. Zahanati ikaagiza kumi na viwili, vya kukalia wajawazito kwenye foleni. Siku hiyohiyo mke wangu akaufunua udongo.

Mitungi ilipopoa tukakusanyika uani. Seremala akawa anapiga randa mbao zake. Mke wangu akagonga wa kwanza, akanitazama, nikatabasamu. Hivyo hivyo hadi wa sita, yote mizima. Wa saba ukatoa sauti butu.

Akanitazama.

Nikamwona mama mwenye tumbo la miezi minane akijishusha taratibu juu yake. Tabasamu likagoma.

"Vipi, baba watoto?"

"Una ufa."

"Unasemaje?"

"Una ufa, mke wangu!" Nilipaza sauti hadi randa ikanyamaza.

Seremala akasema, "Mzee, leo umesema kweli. Unaumwa?" Hakuna aliyecheka.

"Na ule mtungi niliomuuzia shemeji mwaka jana?" mke wangu akauliza.

Nikatazama chini.

"Unavuja?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akaweka viganja juu ya magoti. Nikajua ndiyo basi, ufinyanzi wa akina bibi umeishia mikononi mwangu mimi mwongo. Kisha akauvuta mtungi wa sita, akaegemeza taya kwenye ukingo wake, akafumba macho, akagonga. Mtetemo wake ukampanda mfupa wa taya hadi sikioni. Akauchukua wa saba, taya ukingoni, akagonga. Akaitwaa nyundo ya seremala, akauvunja mwenyewe.

"Kesho tunafinyanga mwingine," akasema. "Wewe utakanyaga udongo. Kazi ya kusikiliza nimekustaafisha."

Mitano iliyobaki aliipima mmoja mmoja, macho yamefumbwa. Nilikuwa nimesimama palepale pa siku zote, mbele yake. Uso wangu hakuutazama tena.