Ng'ombe wa Thuo

Ukitaka kugombana na mzee wa kule juu ya Ravine, ingia bomani mwake umwulize ng'ombe hawa ni wa nani. Lo! Hilo si swali la kuuliza mtu. Mbele ya mgeni, ng'ombe walio katika boma lako ni wako. Kama wawili ni wa shemeji na mmoja ni wa rafiki wa ng'ambo ya mto, hayo ni mambo ya wenyewe. Watu wa huko waliwekeana ng'ombe tangu zamani, huyu akae na wa yule, yule akae na wa huyu, ili ugonjwa ukiingia boma moja usimmalize mtu. Anayemtunza ng'ombe hunywa maziwa, na ndama ni wa mwenyewe. Na anayetajataja mali ya rafiki yake mbele ya wageni huyo ni mpumbavu, au ni mwizi anayejitayarisha.

Kipkemei alilelewa hivyo, na hivyo ndivyo alivyompokea ng'ombe wa Thuo.

Thuo hakuwa mtu wa kwao. Alikuwa Mkikuyu, skwota, kibarua aliyeruhusiwa kuishi na kufuga katika shamba la mzungu mmoja upande wa Molo, na Kipkemei alikuwa amekamua naye huko miaka mingi, katika baridi ile inayofanya vidole visahau kazi. Kipkemei aliporudi kwao kulima kipande cha ardhi cha baba yake, Thuo alibaki kwa mzungu. Kisha ikaja Imajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wazungu. Mwaka wa hamsini na tatu Wakikuyu wakaanza kusombwa mashambani, wakapakiwa pale Nakuru kama magunia ya viazi kurudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa kwao, na mifugo yao ikauzwa kwa bei ya kutupa. Thuo hakungoja zamu yake. Alitembea kutwa nzima akipitia msituni, na jua likielekea kutua akatokea kwa Kipkemei akiongoza mtamba mmoja mweupe.

"Anaitwa Nyange," alisema. Ndilo jina la wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe malishoni. "Ndugu yangu, wewe unajua mimi sina shamba. Shamba langu ni huyu. Kaa naye mpaka nirudi. Akizaa, nitaanza tena."

"Na usiporudi?"

"Wamuyu yupo, na watoto wetu wapo. Atakuja mmoja wetu."

Cheptanui, mke wa Kipkemei, akaleta mursik, maziwa yale ya kulala kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa, na wanaume wawili wakanywa kutoka kibuyu kimoja. Huo ndio ulikuwa mkataba. Thuo alimsugua Nyange katikati ya pembe, akampigia mluzi wake mmoja mrefu, ule aliokuwa akiwaitia ng'ombe wa mzungu wakati wa kukamua, kisha akaenda zake. Baada ya siku chache walisikia amekamatwa akirudi Molo, na amepelekwa kizuizini.

Haukupita muda, askari wakaja wakitafuta mifugo ya Wakikuyu iliyofichwa.

"Huyu mweupe ni wa nani?"

"Wangu," alisema Kipkemei.

Wakampiga kitako cha bunduki mbavuni. Akainuka akiwa ameshika ubavu. "Nimesema ni wangu. Mnataka niseme ni wa nani, wa Malkia?"

Walicheka, wakamwacha. Mbavu zilimuuma msimu mzima wa mvua, lakini alipomtazama Nyange akila majani alijisikia mwanamume. Na kwa kweli, siku ile alikuwa mwanamume.

Miaka minne ikapita. Nyange akazaa mara mbili, mitamba yote miwili, na Kipkemei akawa akimwambia mkewe, "Thuo akirudi atakuta ana boma." Hakupata habari zake, ila mara moja tu mchuuzi mmoja alisema yuko hai.

Ndipo ukaja mkopo. Aliyeuleta ni jirani yao Micah, mwalimu wa kanisa, mtu wa kofia safi na sauti ya taratibu, aliyewekwa kwenye kamati ya kuchagua wakulima. Serikali, alisema, sasa inataka Mwafrika naye afuge ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi. Benki ya Nakuru itatoa pesa za ng'ombe wawili na seng'enge ya kuzungushia shamba. Josho litajengwa karibu na mto, ng'ombe waogeshwe kupe. Maziwa yatachukuliwa na lori, na deni litajilipa lenyewe polepole kutokana na maziwa.

"Deni lijilipe lenyewe!" Cheptanui alisema Micah alipoondoka. "Hilo ni deni au ni malaika? Baba Kibet, kukopa harusi, kulipa matanga."

"Mama watoto, wewe unapenda umaskini."

"Mimi napenda kulala usingizi."

Lakini Kipkemei alikuwa amewahi kukamua ng'ombe wa gredi. Alijua ndoo inavyojaa mpaka povu likamwagika miguuni, na alijua kwamba maziwa yale yote yalikuwa ya mtu mwingine. Alitaka, kabla hajazeeka, kujaza ndoo moja ya namna hiyo iwe yake. Nani amlaumu?

Afisa wa mikopo alikuja na gari, karani na askari wawili. Shamba halikuwa na hati, kwa hivyo halikufaa kuwa dhamana. Dhamana ingekuwa mifugo. Akasimama kwenye mlango wa boma, akanyoosha kidole.

"Hawa wote ni wako?"

Cheptanui alikuwa ameshika ndoo. Akamtazama mumewe bila kupepesa macho.

Hapa lazima tuseme kweli, maana Kipkemei mwenyewe baadaye aliisema moyoni mwake mara nyingi. Aliogopa. Imajensi ilikuwa bado haijaisha, askari walikuwa pale pale, na kumtaja Thuo kungekuwa kumpoteza Nyange na yeye mwenyewe kutiwa pingu. Hilo ni kweli. Tena mila ilimfunga mdomo. Hilo nalo ni kweli. Lakini angeweza kusema, "Bwana, mkopo siutaki," na gari lingegeuka lirudi Nakuru. Hakusema, kwa sababu bila Nyange na mitamba yake boma lisingetosha dhamana, na alikuwa ameshaiona ile ndoo yenye povu.

"Wangu," alisema. "Wote."

Akatia kidole gumba kwenye wino, akapigwa picha akishikana mkono na afisa, basi.

Kwa miezi kadhaa alionekana mtu mwenye akili kuliko wote kilimani. Ng'ombe wawili wa gredi walikuja kwa lori, wanene, wenye viwele vya kutisha. Seng'enge ikapigwa, ikang'aa juani. Watu walitoka mbali kuja kuona tu. Kipkemei akanunua koti, na Cheptanui mwenyewe, aliyekuwa amenuna, akaanza kuimba akikamua. Josho tu ndilo lililochelewa. Lilichimbwa shimo, ikaletwa saruji, kisha fundi akaenda Gilgil kujenga nyumba za jeshi na hakurudi. Kipkemei alimwuliza Micah, Micah akamwuliza afisa, afisa akasema subirini bajeti.

Kupe hawajui bajeti. Mvua ndefu zilipokuja, ndigana ikaja nazo. Ng'ombe wa kwanza alivimba tezi chini ya masikio, akahema siku nne huku povu likimtoka puani, akafa akimtazama Cheptanui. Wa pili akafuata kabla ya mwezi kwisha. Ng'ombe wa kienyeji hawakuguswa, damu yao ilikuwa imezoea ugonjwa huo tangu enzi za mababu. Nyange alisimama kwenye seng'enge akicheua, mzima wa afya.

Kipkemei akapanda lori la kuni mpaka Nakuru kuomba muda. Benki ilikuwa na sakafu inayoteleza, akavua viatu vyake vya matairi mlangoni, watu wakamcheka. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza hata kidogo, kisha akasema kwa upole, "Pole sana, mzee. Lakini deni halishikwi na ndigana."

"Josho mliahidi nyinyi."

"Josho ni la idara nyingine. Hapa ni benki."

Alirudi akiwa na njaa na hasira isiyokuwa na mtu wa kuipokea. Waliotoa pesa si waliochimba josho, walioahidi josho si waliotoa pesa, na wote walikuwa watu wa heshima. Ni yeye peke yake aliyekuwa amehusika kila mahali.

Siku ya kuchukuliwa ng'ombe, Micah alikuja pamoja na askari wa korti, kofia mkononi, akiomba msamaha kabla hajakanyaga uani. Kipkemei alimvuta pembeni, nyuma ya ghala.

"Mwalimu, wachukue wote. Lakini yule mweupe na ndama wake wawili si wangu."

Micah akashtuka. "Si wako? Wewe ulitia kidole mbele yangu! Ni wa nani?"

Kipkemei akageuka kuwatazama askari waliokuwa langoni.

"Ni wa nani, Kipkemei? Ukisema ni wa mtu, watakuuliza kwa nini uliidanganya serikali. Hiyo ni jela. Na kama mwenyewe ni mmoja wa wale waliofungiwa, basi hata mimi usiniambie. Haki ya Mungu, usiniambie."

Cheptanui alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala, amesikia yote. "Sema," alimwambia mumewe. "Ulikula kitako cha bunduki kwa ajili yake. Leo unashindwa na kofia?"

Maskini Kipkemei! Alifungua mdomo. Akawaona watoto wake wamepangana kwenye ukuta wa nyumba. Akaufunga. Askari wakafungua lango la seng'enge, na Nyange, aliyezoea kutangulia, akatoka wa kwanza.

Mnadani Ravine watu wa huko hawakutaka kununua ng'ombe wa machozi. Mchinjaji mmoja akachukua wale wengine. Micah akamnunua Nyange na mitamba yake, kwa bei ndogo. Alisema ni afadhali wabaki kilimani kuliko waende kisuni, na pengine alisema kweli. Micah hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi, maana mtu mbaya ungemchukia upate nafuu. Kipkemei alijitolea kumlimia miaka miwili ili arudishiwe Nyange tu. Micah akasema ana watoto wa kusomesha, alete pesa.

Thuo alikuja mwaka wa hamsini na tisa, baada ya mavuno ya mahindi. Alitembea kutoka Molo kama siku ile, lakini sasa alikuwa mzee. Meno ya mbele hayakuwepo, na mguu mmoja ulikuwa ukiburutika. Alikuwa anacheka. Alikuwa ameanza kucheka tangu alipoliona paa la nyumba.

"Ndugu yangu! Wamuyu yuko Molo na watoto, tumepewa kona ya kulala kwa mtu mmoja. Nimewaambia nakwenda kuchukua shamba letu."

Cheptanui akaenda ndani upesi kuleta mursik. Kipkemei hakumkaribisha kiti. Alijua kwamba akikaa hatasema, kwa hivyo alimshika mkono akamwongoza mpaka mwisho wa shamba, akimwambia yote wakitembea, mkopo, ndoo yenye povu, kidole gumba, ndigana, kofia ya Micah. Hakujitetea hata neno moja. Thuo akawa anaitikia, "Ee. Ee," kama mtu anayesikiliza habari za mbali.

Ng'ambo ya seng'enge, kwa Micah, ng'ombe walikuwa wanakula majani. Thuo akasimama. Akatia vidole viwili mdomoni, na kwa kuwa meno hayakuwepo mluzi ukatoka pumzi tupu. Akajaribu tena. Wa tatu ukatoka.

Nyange akainua kichwa. Akaja moja kwa moja, tumbo zito la mimba likiyumba, mpaka akagusa waya kwa kifua. Thuo akapitisha mkono kati ya miiba, akamsugua katikati ya pembe.

Micah alikuwa amewaona. Akaja akiharakisha, amevaa kofia yake. "Kuna nini hapo? Huyu ni nani anayemshika ng'ombe?"

"Huyu ni Thuo," alisema Kipkemei. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, mpaka wachungaji wa upande wa pili wakageuka. "Ndiye mwenye ng'ombe. Si wangu. Hajawahi kuwa wangu hata siku moja."

Micah akamtazama Kipkemei, akamtazama Thuo, akavua kofia. Lakini hakufungua lango.

Thuo akautoa mkono wake polepole kwenye seng'enge, ukakwaruzwa, akaufuta damu kwenye koti lake.

"Leo ndiyo umejua kusema," alimwambia Kipkemei.

Akageuka, akashika njia ya Molo, mguu ukiburutika. Nyange alimfuata kwa upande wake wa waya mpaka waya ulipoishia kwenye kona, akabaki hapo akilia. Kipkemei aliporudi nyumbani alimkuta Cheptanui mlangoni na kibuyu kimejaa, akiuliza mgeni yuko wapi.