Nafasi Alizoziacha Mke wa Fundi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi, mkurugenzi wa kituo cha simu za dharura alipoamuru nafasi tupu ziondolewe kwenye programu ya kompyuta.

Nafasi hizo aliziacha mke wa fundi seremala, mwandishi wa programu, ambaye siku hiyo alikuwa na miezi minane kaburini. Kompyuta za pale hufanya kazi nyingi kwa mpigo. Kila kazi huitwa uzi, na kila uzi una droo yake ndani ya kumbukumbu ya mashine, isiyoguswa na uzi mwingine. Droo hiyo sharti ianze kwenye namba inayogawanyika kwa kumi na sita. Ikianza pengine, uzi unakufa. Basi mwanamke yule aliacha nafasi kidogo kabla ya kila droo, zote zikakaa sawa. Ujanja huo aliuona karakanani kwa mumewe, ambaye shule aliishia darasa la nne lakini hajawahi kutengeneza droo inayokwama. Kwa miaka kumi na moja hakuna uzi uliokufa. Wakubwa, ambao hata droo za nyumbani kwao hufunguliwa na watu wengine, waliona patupu wakadhani ni uzembe.

Saa nne na robo nyuzi zilianza kufa, na simu za kuita magari ya wagonjwa zikakatika. Saa nne na nusu marehemu alitoka kwenye lifti na sweta lake la kijivu, akasaini kitabu cha mahudhurio, akaketi mezani pake na kuzamisha mikono kwenye kioo cha kompyuta hadi viwikoni. Akazisukuma droo moja moja mpaka zikakaa mahali pake. Simu zikarudi. Wenzake walimsogezea kiti kizuri.

Fundi alifika mchana, penseli ikiwa bado sikioni. Alimkuta mkewe ameshika droo sitini na nne kwa vidole kumi, wala hakuna hata moja iliyotikisika. Akakiri moyoni kwamba yeye angehitaji majiliwa kumi ya kubania mbao na wasaidizi watatu.

"Shati hujapiga pasi," mkewe alisema bila kugeuka.

"Pasi yenyewe uliiweka wapi?"

"Juu ya kabati, Fundi. Lile ulilolitengeneza mwenyewe."

"Twende nyumbani, mama."

"Nikiachia, watu watakufa. Waambie warudishe nafasi."

Fundi akapanda kwa mkurugenzi, akamweleza kama anavyowaeleza wateja wake, kwamba droo isiyoachiwa nafasi haiendi popote. Mkurugenzi alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Mzee wangu, mbona kazi inakwenda?" akasema, kisha akaagiza mama aletewe mto wa mgongoni.

Nafasi hazijarudishwa. Kila siku saa kumi na moja jioni, wafanyakazi wakitoka, fundi husimama mapokezi na shati lililonyooka. Mhudumu huliandika swali lake daftarini, chini ya lile la jana, na kulipeleka juu: mke wake anatoka saa ngapi?