Chujio Lililoamriwa Kutazama Ukuta

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama ndani ya tangi langu la samaki, lile la sebuleni, nikiwa katika sare ya shule ya bweni na beji ya kiranja mkuu kifuani. Maji yalinipita kichwa. Nilipumua bila taabu, kwa kuwa nilikuwa nimechomekea shati.

Chujio la maji lilikuwa limening'inia mahali pake, mdomo wazi, likiendesha mchakamchaka.

"Hapa hakuna kusimama," linatangaza.

Basi kila kilichosimama kinaanza kukimbia. Mimea niliyoipanda kwa mkono wangu inang'oa mizizi na kujipanga mstari. Mawe yanafuata. Konokono anapita akitweta, ananiomba radhi kwa kuchelewa.

Nyuma ya wote anakokotwa na mkondo Mwinyi, samaki wangu mwenye mapezi marefu kama kanzu. Pezi moja limechanika.

"Umekula, Mwinyi?"

"Chakula nakiona kikipita, kiranja. Kabla sijakifikia, nami nimepita. Mzunguko mmoja zaidi, mtanizika."

Nalifuata chujio. Njiani tangi linakuwa bwalo la shule. Uji unapita kwa kasi mezani na vikombe vinaukimbilia. Sigeuki.

"Mgonjwa hakimbizwi," naliambia. "Hukaa kando ya uwanja. Ndiyo kanuni."

"Kando iko wapi?"

Natazama. Maji yanazunguka kona zote nne. Kando haipo.

"Nikiacha kazi mtaoga uchafu wenu," linasema. "Tena wewe, si ndiwe uliyekuwa ukipuliza filimbi alfajiri?"

"Nilipuliza. Na aliyemburura mgonjwa nilimwadhibu, hata akiwa kiranja mwenzangu."

"Mimi ni mwalimu wa zamu."

"Hata mwalimu wa zamu."

Mimea inaguna. Mstari mzima unapunguza mwendo ili usikie.

"Sikukwambia uache kazi," naendelea. "Utachuja. Ila utachuja ukitazama ukuta."

Nalishika shavu, nalisukuma. Linanitemea maji usoni, sifumbi macho. Linageuka, shingo ikilalamika. Maji yanapiga kioo, yanavunjika, yanashuka taratibu. Mimea inarudi chini kutafuta mashimo yake. Katika kona ya kushoto, kando inatokea, pana kama mkeka, na Mwinyi anajilaza juu yake.

"Hadi lini?" chujio linauliza, likiongea na kioo.

"Hadi nitakaposema."

Sauti ya mke wangu kutoka sebuleni ndiyo iliyoniamsha. Jua lilikuwa limekwisha kuchomoza.

"Baba Tuse, nani kaigeuza mashine ya samaki ikatazama kioo? Na yule mgonjwa wako leo anakula."

Niliutazama mkono wa pajama yangu. Ulikuwa umelowa hadi kwenye kiwiko, na jani dogo la kijani lilikuwa limenata kwenye kifungo.

"Niirudishe ilivyokuwa?"

"Iache," nilimjibu. "Haijamaliza adhabu."