Gitaa Asiloligusa Burl Tackett

Doyle Crabtree hakuwa mtu wa kuomba. Twyla alimfahamu tangu akiwa mtoto wa kubebwa, na hakuwahi kumsikia akiomba hata chumvi mezani. Alikuwa akinyoosha mkono na kujichukulia. Kwa hiyo Jumamosi ile, yeye na baba yake walipompelekea sufuria ya maharage na mkate wa mahindi, na Doyle akaweka kijiko chini na kusema, "Burl, nina ombi," Twyla aliacha kufagia.

"Sema," akajibu baba yake.

"Daktari ananiambia nisihangaike kununua koti la baridi." Doyle alikuwa na mpira wa oksijeni puani, na kila baada ya maneno machache alisimama kuvuta pumzi kama anapanda kilima. "Nataka tupige ule wimbo wetu. Mara moja tu. Mimi na wewe."

Burl Tackett aliitazama mikono yake. Kisha akasema anakwenda kuangalia oili, akatoka, akafungua boneti ya pikapu ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Nilijua," Doyle akamwambia Twyla. "Usimkasirikie. Mapafu yangu yangekuwa na adabu, nisingethubutu kumwambia."

Mji mzima wa Alder Bend ulijua kwa nini Burl alitoka nje. Hakuna aliyelizungumzia mbele yake, na hasa mbele ya Twyla.

Burl alikulia katika pamba, kwenye mashamba ya kando ya Black River, Arkansas. Upigaji wa mkono wake wa kulia aliupata kwenye baraza la jirani, mtu mweusi aliyeitwa Ezell Broadnax, ambaye kila Jumamosi akitoka shamba alipiga bluzi huku dole gumba likitembea kwenye nyuzi nene kama mguu, na vidole vingine vikizungumza juu yake. Mpaka leo Burl akiwaombea wazazi wake humtaja na Ezell. Mkono ule akauchanganya na nyimbo za fidla za mama yake na makofi ya kanisani, akauongezea mwendo, na alipofika miaka ishirini alikuwa akipiga kitu ambacho bado hakikuwa na jina. Jina la rokabili lilikuja baadaye, na yeye hakulipenda. Doyle ndiye aliyepiga besi, lile dude refu kuliko mtu, akizivuta nyuzi na kuziachia zipige ubao, tap, tap, hata hawakuhitaji mpiga ngoma. Walikuwa wawili wenye kelele za watu watano.

Walipiga kwenye baa zote za Barabara ya 67, zile ambamo wanaume walivunjana meno kisha wakanunuliana bia. Walirekodi Memphis mara mbili. Santuri ya pili, "Nifungulie, Lavonne," ilisikika kwenye redio kutoka Little Rock hadi Missouri. Huko Texarkana wasichana walimchania Burl mkono wa shati; mkewe, Maudine, alilishona, akamwambia safari nyingine alivue kabisa awape, yeye si fundi cherehani. Kisha wakaitwa kwenye ziara ya Texas na mbele yake. Besi ilikwisha kufungwa juu ya paa la gari.

Ndipo Twyla, hajatimiza miaka miwili, akapata homa ya uti wa mgongo. Hospitalini Maudine aliambiwa awaite ndugu. Burl alikwenda kanisani kwao, kanisa la kilokole la mbao nyeupe, akaanguka madhabahuni mbele ya watu wote, akasema Mungu akimwachia mtoto hatagusa tena gitaa maisha yake.

Homa ikashuka. Sikio la kushoto lilikufa, lakini mtoto akabaki. Besi ikafunguliwa kutoka kwenye paa la gari.

Kosa lake, kama lilikuwa kosa, ni kwamba hakuchagua maneno. Wanaume wa kanisa lile waliweka nadhiri kila mwaka: wengine kuacha pombe, wengine karata, wengine mwanamke fulani wa mji wa pili. Mtu mwangalifu angesema hatapiga tena baa. Burl alisema gitaa, na gitaa ni gitaa, hata la Bwana. Kanisani mwao magitaa yalinguruma kuliko baa yoyote, mchungaji mwenyewe alikuwa nalo begani, na Burl alikaa benchi la tatu akiimba na kupiga makofi, na makofi yalipokwisha aliikalia mikono yake.

Doyle alijaribu kupiga na watu wengine, haikukaa sawa. Akaishia kuendesha lori la gesi ya kupikia. Kila Jumapili alikula kwa Maudine, na hakuwahi kulalamika.

Twyla alikua na jambo hilo kama mtu anavyokua na kovu. Alipofeli hesabu darasa la saba alijiuliza kama huyu ndiye ambaye baba yake aliacha gitaa kwa ajili yake. Sasa alikuwa na watoto wawili na jiko la shule nzima mikononi mwake, na hakuwa mtu wa kulilia kitu kinachoweza kutengenezwa. Hiki hakikutengenezeka, kwa hiyo alikuwa amekiacha. Mpaka Doyle alipoomba.

Wakirudi nyumbani alimwambia baba yake, "Mungu ataelewa."

"Najua ataelewa. Ana roho nzuri kuliko mimi."

"Basi shida iko wapi?"

Burl alibadilisha gia. "Ulikuwa umekauka kama jani la tumbaku, Twyla. Nikatoa neno, nikapewa mtoto. Sasa niende nikarudishe neno, halafu nibaki na mtoto?"

"Doyle anakufa, baba."

"Nimemsikia. Sina ugonjwa wa masikio."

"Mimi ninao," akasema Twyla, na Burl akacheka bila kutaka.

Alimkuta mama yake jikoni akimenya kunde.

"Zungumza naye, mama."

"Nimwambie nini? Nimeolewa naye, sijamwajiri."

Twyla akavuta kiti, akachukua konzi ya kunde. "Siku ile kanisani. Alisema nini hasa? Maneno yenyewe."

"Kwamba hatagusa gitaa."

"Yeye."

"Yeye, ndiyo. Ulitaka aweke nadhiri kwa niaba ya majirani?"

"Kuimba hakukutaja."

"Kila Jumapili anaimba, unamsikia."

"Na kumfundisha mtu?"

Maudine aliacha kumenya. Akamwangalia binti yake kama anayeangalia bidhaa dukani. "Mtoto wewe," akasema, "una akili za wauza magari."

Burl hakulipenda wazo hilo hata kidogo. Alisema huko ni kumzunguka Mungu kwa mlango wa nyuma. Maudine akamwambia Mungu si wakili, hakai akitafuta koma. Burl akajibu ndiyo sababu na yeye hataki kumfanyia uwakili. Wakabishana chakula chote, kambare wakapoa kwenye sahani, mpaka Twyla akasukuma kiti nyuma.

"Sikuombi uvunje neno lako," akasema. "Lishike. Ni neno langu pia, ndilo lililonibakiza hapa. Lakini umelibeba peke yako tangu sijajua kutembea vizuri, na sijawahi kukwambia asante, kwa sababu sikujua ningesemaje bila kuonekana nakuonea huruma. Niachie nibebe upande mmoja. Wewe sema, mimi nitagusa."

Burl alitafuna kitu ambacho hakikuwa mdomoni. "Hujawahi kushika gitaa."

"Hata wewe kuna siku ulikuwa hujawahi."

"Doyle hana muda wa mimi kuwaza," akasema hatimaye, kama aliyekuwa akibishana na mtu mwingine kabisa. "Katafute gitaa."

Twyla aliazima la mchungaji. Mchungaji hakuuliza la nini. Alilifunga nyuzi mpya, akampa.

Walifanyia mazoezi kwenye banda la gari baada ya kazi. Burl alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono chini ya mapaja, akatoa amri kwa kidevu.

"Kidole cha pete, uzi wa nne, chuma cha pili."

"Hiki?"

"Hicho ni cha kati. Twyla, umeolewa na hujui kidole cha pete?"

"Na huku?"

"Huko ni kumnyonga kuku. Legeza."

Ndivyo alivyojifunza kushika sauti ya E, kisha ya A, kisha ya B, na ile B ilimtoa machozi. Mkono wa kulia ulikuwa taabu zaidi. Burl aliuimba kwa mdomo, bum-chaka, bum-chaka, akamweleza Ezell alivyoketi, alivyouachia mkono uning'inie kama si wake. Kwa sikio lake moja Twyla alisikia nusu tu ya kinachotoka, akajifunza kuegemeza taya kwenye mbao za gitaa apate nusu nyingine. Kazini alikoroga masufuria ya shule akiwa na plasta kwenye vidole vyote vinne, na wapishi wenzake wakamuuliza ameng'atwa na nini.

Siku moja kidole kikagoma. Kilikuwa karibu kabisa na mahali pake, kikipotoka kidogo tu, na uzi ukalia kama nyuki kwenye chupa. Burl alieleza. Akaeleza tena. Kisha mkono wake ukatoka wenyewe chini ya paja, ukaenda kwenye shingo ya gitaa, ukasimama hewani. Twyla aliuona. Hakusogea. Hakuthubutu hata kumtazama usoni, maana alijua asingeweza kumlaumu, na alijua pia kwamba baba yake asingejisamehe.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Maudine alitoka na unga mpaka viwikoni, akapita katikati yao, akakamata kidole cha binti yake.

"Hapa?" akauliza.

Burl akainama kutazama. "Juu kidogo."

"Hapa?"

"Hapo."

"Haya," akasema Maudine, akarudi kwenye mkate wake. Gitaa la watu lilibaki jeupe kwa unga, na mkono wa Burl ukarudi chini ya paja.

Mwanzoni mwa vuli muuguzi wa Doyle alisema kama kuna jambo lifanywe sasa. Walikwenda wote watatu, mchana. Doyle alikwisha kuitoa besi chumbani, au kuamrisha itolewe, akakaa nayo barazani juu ya kiti kirefu, shingo ya besi imemlalia begani na mpira wa oksijeni umepitishwa nyuma ya sikio. Alikuwa amenyoa. Alimwona Burl akishuka mikono mitupu, na Twyla nyuma yake na gitaa.

"Wee mlokole," akasema. "Umeniletea nini?"

"Mpiga gitaa."

"Huyu wa jikoni?"

"Huyu huyu, anko," akasema Twyla. "Na kama una mwingine mwite, mimi nina nguo za kufua."

Doyle alimtazama Burl kwa muda, akaona mikono ile ndani ya mifuko, akaelewa. Alivuta pumzi, akaujaribu uzi mnene kwa kidole.

Mara ya kwanza waliharibu kabla Lavonne hajatajwa. Mara ya pili Twyla alimkimbilia Doyle kwenye mdundo, Doyle akamkimbia.

"Mwanangu, unapiga kama fundi bomba. Usinifuate. Mimi ndiye ngoma hapa. Wewe tembea zako tu, nitakukuta njiani."

Akatembea zake. Akautupa mkono kama si wake, na safari hii kitu kikanasa. Besi ikaingia chini yake, tap, tap, imara kama sakafu, na Burl akafungua mdomo. Sauti ilikuwa imeota kutu pembeni, lakini katikati ilikuwa ile ile ya kijana anayegonga mlango na kuomba afunguliwe bila aibu yoyote. Mikono ikamtoka mifukoni. Akapiga makofi, akapiga paja, akapiga nguzo ya baraza. Doyle alikuwa wa kijivu usoni na pumzi imemwishia, lakini kiganja chake hakikujua habari hiyo. Kilizivuta nyuzi na kuziachia mpaka mwisho wa wimbo, kisha kikaangukia gotini.

Wakamsubiri apate hewa. Maudine alimshikia glasi ya chai baridi.

"Nilikuchukia wewe," Doyle akamwambia Twyla sauti ilipomrudia. "Ulikuwa hujui hata kushika kijiko, nikakuchukia msimu mzima wa pamba."

"Sikujua."

"Ungejuaje. Halafu baba yako akakuleta hapa, ukanitapikia kiatu, ukacheka. Nikasema, huyu hana habari na santuri ya mtu." Akakohoa, akangoja. "Wale tuliokuwa twende nao Texas, wengine wamekufa kwenye hoteli hawana hata wa kuwafumba macho. Mimi nimekula kwa Maudine kila Jumapili. Nimepata wapi hasara?"

Burl alikuwa akiangalia nguzo. "Nilidhani una kinyongo," akasema.

"Nilikuwa nacho. Kikaisha. Ungeniuliza ningekwambia."

"Chakula kinapoa," akasema Maudine kutoka mlangoni.

"Kipoe." Doyle aliinyanyua besi kwa bega, akaegemeza shavu kwenye shingo yake ya mbao. "Tena. Burl, usinipigie nguzo, imeoza, itatuangukia. Na wewe fundi bomba, ukifika pale pa kushuka, chelewa kidogo. Usiwe na haraka na kitu kizuri."

Twyla alivipuliza vidole vyake, akashika E.