Mechi ya Luberizi

Martine, katibu wa timu ya vijana ya Bagira, alikuwa na sheria moja iliyowachosha watu: mchezaji hapandi gari bila mzazi wake. Yeye Martine akipuliza filimbi mara tatu, kila mzazi aje uwanjani. Papa Firmin, baba wa golikipa, alimtania kila Jumapili baada ya misa kwamba sasa anataka kuwalea hata wazazi. Martine alimwacha aseme.

Mwaka wa pili wa vita, kamanda mmoja alifika uwanjani asubuhi na lori na jezi mpya za kijani. Aliwaalika watoto kwenye mechi ya kirafiki kule Luberizi. Wote kumi na sita wakavaa upesi, wakapanda wakiimba. Kocha Philémon aliinamisha kichwa. Timu moja ya Mudaka ilialikwa hivyo hivyo, na mama zao bado wanauliza wanao wako kambi gani ya wapiganaji.

Martine naye alijua hilo, lakini uso hakuukunja. Mwenye bunduki utamkatalia vipi? Akakubali.

"Merci sana, commandant. Tutaenda. Lakini batoto ya huku habaendake bila bazazi. Njo règlement, sheria yetu."

Akapuliza filimbi mara tatu.

Wakaja, tena si kidogo. Wengine na majembe, wengine na povu la sabuni mikononi, mmoja na sufuria ya mboga ya sombe inayofuka moshi. Papa Firmin alikuja na godoro kichwani. Wakapanda wote, wakajibana kati ya watoto.

"Mushuke," kamanda akasema.

"Tutashuka nabo," Papa Firmin akajibu, akikalia godoro lake.

Kamanda akashika bunduki. Hapo Martine aliogopa kweli. Ndipo bibi Monique, aliyekaa ukingoni mwa lori akimkumbatia mjukuu wake, akauliza polepole:

"Mwana wangu, maman yako anajua uko fasi gani leo?"

Kamanda akaishusha bunduki. Hakuwa amezidi miaka ishirini, yule. Akamwambia dereva awashushe watu wote.

Martine aliwahesabu watoto wakishuka: kumi na sita. Lori lilipoondoka tupu, alilia mbele ya kila mtu, akacheka papo hapo. Jezi zilibaki migongoni mwa watoto.

Jioni alifungua daftari la mechi. Penye Luberizi aliandika: hatukuenda. Penye matokeo: tumeshinda.